Shati la Jumamosi

Juni ya mwaka 1971 mjukuu wangu Ruth alikuja likizo na kazi ya shule ambayo sikuwahi kuiona. Alikuwa kidato cha nne, shule ya bweni ya wasichana. Miaka ya nyuma alikuwa anakuja na hesabu, au na mbegu za kupanda na kupima kila wiki zimefika wapi. Safari hii alikuja na karatasi moja iliyopigwa chapa, na ndani yake shairi la Kizungu.

Alipofika aliweka sanduku lake la bati mlangoni, na kabla ya kuniamkia mimi akazunguka nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, mahali palipozungushiwa mawe. Nikamsikia anasema, "Shikamoo, Baba. Nimefika." Hatua tano kutoka pale ni kaburi la babu yake, mume wangu Elimringi. Naye alisalimiwa, ila kwa kifupi. Ndipo akarudi kwangu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mimi ni wa tatu?"

"Wewe hukimbii, Bibi. Wale nao hawakimbii, lakini wamenisubiri zaidi."

Ndivyo alivyofanya kila likizo. Baba yake ni mwanangu Eliufoo, aliyekufa Aprili ya 1962 akifanya kazi kwenye shamba la miwa huko chini, kusini ya Moshi. Ruth alikuwa na miaka saba. Mama yake aliolewa tena Sanya Juu, na mtoto akabaki kwangu huku Kirua Vunjo, maana yeye ni mtoto wa kihamba hiki, shamba la migomba la baba zake. Elimringi alinifia mwaka wa 1968. Basi tukawa wawili, mimi na Ruth, na ng'ombe mmoja. Likizo ikiisha tulibaki mimi na ng'ombe.

Sasa niseme jambo ambalo Ruth hakulijua. Eliufoo hayumo chini ya yale mawe. Mimi nilijua, wazee wa ukoo walijua, majirani wa umri wangu walijua. Kila Ruth alipopiga magoti pale nilijiambia, nitamwambia akikua. Alikwishakua, alikuwa ananizidi urefu kwa kichwa kizima, na bado nilikuwa najiambia hivyohivyo. Niliogopa akijua atafunga sanduku lake aende kwa mama yake Sanya Juu, na asirudi tena kwangu. Hapakuwa na hofu nyingine. Nyumba ilikuwa na bati zima na ng'ombe alikuwa na maziwa.

*

Mwalimu wao wa Kiingereza aliitwa Wenseslaus, kijana wa Rombo aliyesoma Marekani miaka mitatu akarudi na makasha ya vitabu. Aliwapa wasichana kila mmoja shairi la huko. Waandike maelezo chini ya vichwa vitatu: kifo, familia, mateso. Tena wakiwa likizo wamsomee mtu mzima wa nyumbani shairi hilo kwa lugha anayoielewa, na waandike anavyosema yeye. Ilikuwa miaka ile shule ziliambiwa zisijitenge na watu wa kijijini, na nadhani mwalimu aliona hiyo ndiyo njia yake. Walimu wengine walilimisha bustani.

"Mimi nimesoma mpaka darasa la nne," nilimwambia Ruth. "Tena la nne la misheni. Mashairi ninayoyajua yamo katika kitabu cha nyimbo za kanisani."

"Hili haliimbwi, Bibi."

"Haliimbwi? Vina vyake?"

"Halina vina."

"Halina vina na haliimbwi. Basi Wamarekani wanalifanyia nini?"

"Wanalisoma, halafu wananyamaza."

Nikasema hiyo ni kazi rahisi, hata mimi naiweza.

Siku ya pili asubuhi tulikuwa nyuma ya nyumba tunamkatia ng'ombe chakula. Nilikuwa nimeangusha mgomba uliokwisha kuvunwa, nikawa naukatakata kwa panga, vipande vyembamba ili ng'ombe asikabwe. Ruth alikaa juu ya kinu kilichopasuka, karatasi ya shairi kwenye goti moja na daftari kwenye goti jingine. Alisoma mstari kwa Kizungu, kisha akaugeuza Kiswahili polepole, na mahali palipomshinda akaweka Kichagga.

Lilikuwa shairi la mwanamke, na Ruth alisema alikwishakufa zamani. Anayesimulia ni binti. Anasema kaka yake mkubwa aliondoka kwenda kujenga reli mbali na kwao, nchi yenye theluji. Mama akabaki na shati lake moja jeupe. Kila Jumamosi mama analifua lile shati, analianika, analipiga pasi, analitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Watoto wadogo wanaliona pale Jumapili wakienda kanisani, wanajua kaka atakuja kulivaa. Binti anauliza, atakuja lini? Mama anasema, niletee maji. Wiki nyingine anauliza tena. Mama anasema, kaa la moto limepoa, ongeza jingine. Binti anakua, anaolewa, na siku moja mtu mgeni kabisa, aliyefanya kazi kwenye reli ile, anamwambia kaka yake alikufa majira ya baridi ya kwanza. Binti anarudi kwa mama. Ni Jumamosi. Mama ameliinua shati dirishani baada ya kulifua, na limekuwa jepesi mpaka binti anaona uso wa mama kupitia kitambaa. Shairi linaishia hapo.

"Limekwisha?" nikauliza.

"Limekwisha."

"Binti hasemi kitu?"

"Hasemi. Sasa ngoja nikusomee nilivyoandika mimi, ndipo useme."

Akafungua daftari. Alikuwa ameandika kurasa mbili na nusu, mwandiko umebanana. Alinigeuzia Kiswahili akienda mbio, maana maneno yalikuwa yake.

Chini ya kifo aliandika kwamba kifo katika shairi hili kimefichwa nyuma ya mlango pamoja na shati. Chini ya familia aliandika kwamba familia hii imejengwa juu ya uongo, na kwamba kutojibu swali la mtoto ni sawa na kumdanganya. Chini ya mateso aliandika kwamba mama anateseka kwa kupenda mwenyewe, kwa hiyo hastahili kuhurumiwa. Wa kuhurumiwa ni binti, aliyeambiwa habari za nyumbani kwao na mtu wa njiani.

Niliendelea kukata mgomba. Kila neno lilikuwa linanihusu na yeye hakujua. Ni kama mtu akuseme vibaya kwa jirani, kumbe wewe umekaa jikoni unasikia.

"Umemaliza?" nikasema.

"Nimemaliza. Sema wewe, niandike."

"Hilo shati, analifua kila wiki?"

"Kila Jumamosi."

"Na hakuna anayelivaa."

"Hakuna."

"Basi lachafuka na nini?"

Ruth akatazama karatasi. "Halisemi. Labda vumbi."

"Wiki nzima nyuma ya mlango halichafuki hivyo. Tena shati jeupe la kwenda nalo kanisani, ukilitunza linakaa miaka ishirini. Mimi nina la babu yako la harusi yetu, liko sandukuni, limegeuka rangi tu. Ukitaka nguo idumu huifui. Mwanamke anayefua anajua hilo, hata Mmarekani."

"Sasa?"

"Sasa hakuwa analitunza. Alikuwa analimaliza."

Ruth akainua kichwa. "Analimaliza vipi?"

"Mwanawe angelivaa shati lile lingechakaa. Kola ingekwisha, kiwiko kingetoboka, angelifanya tambara. Hayupo wa kulivaa, mama anafanya kazi ya kulivaa kwa mikono yake. Kila Jumamosi kidogo. Siku binti aliporudi, shati lilikuwa limekaribia kwisha. Angekuja mwaka mwingine asingelikuta."

Ruth hakuandika. Alisoma mstari wa mwisho tena kwa Kizungu, midomo inacheza bila sauti, kisha akausoma tena.

"Hilo sikuliona," akasema.

"Wewe hufui mashati. Mnavaa sare."

"Tunafua sare, Bibi!"

"Zile mnaloweka."

Akacheka, akaandika. Kalamu ilienda muda mrefu. Nami nikadhani limepita. Nikainama kuchukua kipande kingine cha mgomba. Ndipo akasema, bado anaandika, bila kunitazama:

"Sawa, nimekubali habari ya shati. Lakini binti alipouliza, mama alipaswa kujibu. Hapo sibadilishi. Wewe, Bibi, ungenijibu."

Alilisema kama mtu anayetaja kwamba jua linachomoza upande wa Rombo. Hakuwa ananiuliza.

Nikaweka panga chini.

"Ruth," nikasema. "Mimi nilijibu, na nilijibu vibaya."

*

Nilimweleza vile ilivyokuwa, na hapa naandika vilevile.

Masika ya 1962 mvua ilikuwa nyingi kuliko tulizozizoea. Huko chini kwenye miwa homa ilipita katika kambi ya wafanyakazi, wakafa wanaume wanne katika wiki moja, na Eliufoo alikuwa mmoja wao. Mto ulikuwa umefunga njia. Wenzao waliwazika hukohuko, pembeni ya shamba, kila mmoja na kibao chake cha mti. Habari ilitufikia siku ya kumi na moja.

Kwetu mtu huzikwa kihambani kwake, penye migomba ya baba yake. Elimringi alishuka na mdogo wake Ndelilio kwenda kumchukua. Walikuta matuta manne. Maji yalikuwa yamepita juu na vibao havikuwepo. Mmoja wa waliochimba akasema Eliufoo ni wa pili kutoka kulia. Mwingine akasema hapana, ni wa tatu. Elimringi akakaa chini pale kwenye tope kitambo, kisha akasema hatachimbua watoto wa watu wengine akimtafuta wa kwake. Akarudi na koti la Eliufoo, basi.

Wazee wa ukoo walikaa, wakafanya kama walivyofanya baba zao kwa mtu aliyepotea porini. Walikata mgomba wa urefu wa Eliufoo. Elimringi aliupima kwa fimbo yake mwenyewe, akasema hapana, alikuwa mrefu zaidi ya huo, ukakatwa mwingine. Nikauvika koti. Tukaufunga blanketi, wakauzika asubuhi. Na katika ukoo wetu ukishazika hivyo, halisemwi tena neno mgomba mahali pale. Ni Eliufoo. Aliyekata anakaa kimya, aliyechimba anakaa kimya, hata watu wakigombana hawatupiani neno hilo. Nimeona watu wakigombea mpaka wa shamba hadi kushikana mashati, na hilo hawakulitaja.

Ruth hakuwepo. Alikuwa na surua, amelazwa kwa jirani yetu Valeria, macho hayafunguki. Alipopona alikuja nyumbani akaona mawe mapya, akaniuliza, "Baba yuko hapa?"

Nikamwambia, "Ndiyo."

"Neno moja tu nililosema," nilimwambia. "Mama yule wa Marekani alisema niletee maji. Mimi nilisema ndiyo."

Ruth alikuwa amefunga daftari. Alitazama yale mawe, kisha akatazama chini, kwenye vipande vya mgomba vilivyojaa miguuni kwangu, vyeupe, vinatoa maji.

"Kwa hiyo nimekuwa naamkia mgomba."

"Umekuwa unamwamkia Eliufoo."

"Mgomba, Bibi! Kama huu! Kama huu wa ng'ombe!" Aliokota kipande kimoja, akakitupa chini. "Nilipiga magoti nikauambia mgomba kwamba nimekuwa wa pili darasani. Nimeuambia mambo ambayo wewe sijakuambia. Na Mama Valeria anapita hapo na kuni zake ananiona, anajua! Kijiji kizima kinajua! Wananionaje? Kichaa?"

"Hakuna aliyekucheka."

"Umejuaje?"

Ng'ombe alikuwa analia njaa. Nikachukua karai nikampelekea, maana ningefanya nini.

*

Kesho yake asubuhi Ruth alivaa viatu vya shule, akachukua mfuko wa kitambaa. Sanduku aliliacha.

"Naenda," akasema.

"Kwa mama yako?"

Nilimfungia ndizi nne za kuchoma kwenye kitambaa nikampa. Alizichukua. Nilihesabu hilo kuwa kitu, kwamba alizichukua. Akatoka kwa njia ya mbele. Hakuzunguka nyuma.

Siku ya kwanza nilipalilia kahawa. Siku ya pili Valeria alikuja kuomba chumvi, na chumvi kwake ilikuwepo, nilijua.

"Mwanafunzi yuko wapi?" akauliza.

"Amekwenda kusalimia."

"Kusalimia nani?"

"Watu."

Valeria akajikalisha kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Umemwambia."

"Nimemwambia."

"Yuditha! Miaka tisa mdomo umefungwa. Wazee wenyewe wamekufa nalo. Halafu wewe unakuja kuufungua kwa ajili ya shairi la Wamarekani? Tena ambalo halina hata vina, mtoto mwenyewe alisema!"

"Aliniambia mimi ningemjibu."

"Ungemwambia akuletee chumvi."

"Chumvi umekuja kuomba wewe."

Tulicheka kidogo, kisha hatukucheka. Valeria akasema, "Aliponiona napita na kuni alikuwa ananipungia mkono, akiwa amepiga magoti palepale. Kila mara nilijisikia vibaya. Sikuwahi kumcheka, mwambie." Nikasema amwambie mwenyewe, Ruth akirudi. "Atarudi," Valeria akasema. "Sanduku si lipo?" Nikasema sanduku la bati mtu anaweza kutuma lifuatwe.

Siku ya tatu nilichukua karatasi ya shairi. Aliiacha mezani. Kizungu sikijui ila maneno mawili matatu, lakini nilipata kujua pale panapotajwa Jumamosi, kwa kuwa neno hilo liliandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni na lilirudi mara sita. Nilihesabu. Baadaye nikairudisha ilipokuwa, nikaiwekea kikombe juu isipeperuke.

Siku ya nne sikufanya kitu cha kuandika.

*

Siku ya tano, mchana, Ruth aliingia kwa njia ya mbele. Viatu vya shule vilikuwa na tope jeusi lililokauka. Kwetu huku udongo ni mwekundu. Tope jeusi ni la tambarare. Nikatazama viatu, nikajua hakwenda Sanya Juu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

Hakuzunguka nyuma. Aliomba maji, akanywa vikombe viwili. Nilimwekea mtori, akala mpaka sufuria ikabaki na mfupa. Nilikaa naye. Sikuuliza. Mtu akiwa na neno lake litatoka, na akilinyamazia hata ukiuliza halitoki.

Hatimaye akasema, "Ulikuwa mgomba wa aina gani?"

"Mshare, wa ndizi za mtori."

"Si ndizi ng'ombe?"

"Babu yako alikataa ndizi ng'ombe. Alisema mtoto wake si wa kupikiwa pombe."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeweka jambo kwenye daftari. "Umeshaoza."

"Zamani. Mgomba huoza upesi. Baada ya mwaka udongo ulizama, tukaongeza mawe. Koti lilikawia zaidi, nadhani. Lilikuwa la sufu."

"Kama shati."

"Hilo mimi sikuliwaza wakati ule," nikasema. "Niliwaza asipate baridi."

Ndipo akaniambia. Alikuwa amekwenda Moshi, akalala Pasua kwa mwanafunzi mwenzake, kisha akapata lori la kushuka kwenye miwa. Huko aliuliza kambi baada ya kambi, nani alikuwepo mwaka wa mvua. Watu wengi ni wageni, wametoka mikoa mingine, wanakuja na kuondoka. Mwishowe alionyeshwa mzee mmoja wa Kasulu anayeitwa Melkior, anayelinda mtaro wa maji.

"Alinitazama tu akasema, wewe ni wa Eliufoo, una kichwa chake," Ruth akasema. "Anasema Baba alikuwa anaimba besi kanisani. Vibaya. Anasema walimwomba ahame akae benchi la nyuma."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Ilikuwa kweli, Eliufoo hakuwa na sikio hata kidogo, na aliipenda besi kuliko chakula. Miaka tisa sikuwa nimesikia habari mpya ya mwanangu. Zote nilizokuwa nazo nilikwisha kuzizungusha mpaka zikachakaa.

"Na matuta?" nikauliza, nilipoweza.

"Yapo manne. Nilidhani nitakuta miwa juu yake, au msitu. Yamefyekwa, Bibi. Safi kabisa. Mmoja wa wale wanne ni mdogo wake Melkior, walikuja pamoja kutoka Kasulu. Naye hajui ni lipi. Kwa hiyo kila Krismasi na kila Pasaka anafyeka yote manne."

"Miaka yote hii?"

"Miaka tisa. Nilimwuliza kwa nini asichague moja. Akasema, nikikosea je?"

Nikainuka nikatoa mfupa kwenye sufuria, nikauweka tena. Sikuwa na haja na mfupa. Kwa miaka tisa nilijua mwanangu amelala kwenye magugu, na kumbe kulikuwa na mtu na fyekeo lake.

"Nimesimama pale," Ruth akasema, "sikujua nimtazame nani."

*

Zilibaki siku nane za likizo. Ruth alifuta kurasa zake mbili na nusu akaanza upya. Aliandika mezani asubuhi, na mchana tulikwenda kukata majani. Valeria alikuja akamwambia lile alilotaka kumwambia kuhusu kuni. Sikusikia lote, nilisikia tu Ruth akisema, "Hata hivyo ungebeba kuni zako kwa njia nyingine, Mama," na Valeria akisema njia nyingine ina mbwa.

Kila siku nilitazama atazunguka nyuma au hatazunguka. Hakuzunguka. Maji alichota kwa njia ya mbele, ambayo ni ndefu. Kaburi la babu yake nalo lilikosa salamu kwa sababu liko karibu na mawe.

Siku moja kabla ya kuondoka alinisomea alivyoandika. Chini ya kifo alikuwa ameeleza habari ya nguo inayofuliwa mpaka inakwisha, na akaandika kwamba hayo ni maneno ya bibi yake, mkulima, miaka sitini na mbili. Chini ya mateso alifuta neno la kupenda mwenyewe. Aliandika kwamba mama yule hajitesi, anafanya kazi, na kwamba msomaji asiyefua nguo anaweza asiitambue kazi hiyo. Mgomba hakuutaja. Nikamshukuru kwa hilo, naye akasema, "Si halitajwi?"

Kisha akasoma chini ya familia. Hapo hakubadilisha sana. Binti alipaswa kuambiwa, aliandika. Aliongeza mstari mmoja: kwamba labda mama hakunyamaza ili kumdanganya mtoto, labda alikuwa anangoja shati liishe kwanza, na binti akauliza kabla ya wakati, na mama akashindwa kujua wakati ni upi.

"Bado unanilaumu," nikasema.

"Kidogo. Shairi ni la binti, Bibi. Mimi ni binti."

"Andika hivyo."

"Nimeshaandika."

"Basi umemaliza," nikasema, na nikaenda kumkamua ng'ombe.

Asubuhi ya kuondoka nilimfungia mkungu mdogo wa ndizi za kula na wenzake, na kopo la samli. Alivaa sare. Viatu alikuwa amevipiga brashi lakini kwenye mshono wa soli tope jeusi lilikuwa bado limeshika. Akachukua sanduku, akatoka mlangoni. Nilikuwa nyuma yake na mkungu mkononi. Akasimama. Akaliweka sanduku chini, akasema, "Ngoja," akazunguka nyuma ya nyumba.

Nilibaki nimesimama. Ng'ombe alikuwa anacheua. Nilifikiri labda amekwenda kuchuma jani la kujifunika, maana kulikuwa na manyunyu. Ndipo nikamsikia.

"Shikamoo, Baba. Naenda shule. Na kule chini nimekuamkia pia. Nimewaamkia wote wanne, utajua mwenyewe."

Nikasikia hatua zake, tano.

"Na wewe, Babu, shikamoo."

Akarudi na magoti yenye udongo mwekundu, nikamwambia ajifute, sare ni ya leo hii hii. Akasema ataloweka akifika. Nikamwinulia sanduku kichwani, tukashika njia ya barabarani kulingoja basi.